Ogani za mabomba makanisani: zinavyotunzwa, zinavyofufuliwa, na matengenezo ya pupa yanavyoziua

FundiMivukuto

Wakuu, salaam. Tangu Notre-Dame ya Paris ifunguliwe tena Desemba 2024 na ile ogani yake kubwa ikasikika, nimeona humu watu wakiulizia ogani za mabomba na majibu yanakuwa ya juu juu. Mimi ndiyo kazi yangu. Nilisomea Ujerumani, darasani Ludwigsburg kwenye chuo cha mafundi wa ogani na karakanani kwa zamu, miaka mitatu na nusu kama utaratibu wao ulivyo, na mpaka leo ndiyo inayonilisha. Nashusha uzi, maswali mtauliza nitajibu.

Niweke msimamo wangu mezani mapema: ogani haifi kwa uzee. Kule Sion, Uswisi, kanisa la Valère lina ogani ya karne ya 15 na bado inapigwa. Kinachoua ogani ni hewa mbaya ya ndani ya kanisa na fundi mwenye haraka ya kubadilisha. Huyu wa pili ndiye mbaya zaidi, maana akishapita, cha kufufua kinakuwa hakipo tena.

Kwa ambao hawajawahi kuona ndani yake: mota ya umeme (zamani walikuwa watu wanaokanyaga) inajaza hewa kwenye mvukuto mkubwa. Juu ya mvukuto kuna mawe au vyuma vya kuukandamiza ili msukumo wa upepo usibadilike. Msukumo wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Tunaupima kwa mrija wenye maji, na ogani nyingi ziko kati ya milimita 60 na 100 tu. Upepo unaingia kwenye sanduku la mbao, na mabomba yamesimama juu ya sanduku hilo. Ukibonyeza ufunguo, kilango kilichovikwa ngozi kinafunguka humo ndani. Ukivuta kishikio cha rejista, ubao mrefu wenye matundu unateleza mpaka matundu yake yakutane na matundu ya sanduku, na safu nzima ya mabomba ya sauti ile inapata njia ya upepo. Bomba linalia pale tu vyote viwili vimefunguka.

Mabomba yenyewe ni ya namna mbili. Kuna ya mdomo, ambayo upepo unapita kwenye mwanya mwembamba na kupiga ukingo wa juu, na kuna ya ulimi, ambayo ndani ya kiatu chake kuna kibati chembamba cha shaba ya njano kinachotetema. Mengi yametengenezwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, mengine kwa mbao. Bomba la C ya chini kabisa kwenye rejista ya futi 8 lina urefu wa karibu mita 2.4. La futi 32 linakaribia mita 10. Mabomba madogo kabisa yanakaa kwenye kiganja.

Sasa nieleze kwa nini nasema fundi wa pupa ni hatari.

Chukueni ogani aliyoijenga fundi Arp Schnitger kwenye kanisa la Mt. Yakobo, Hamburg, Ujerumani. Ilikamilika 1693, rejista 60, safu nne za funguo za mikono na moja ya miguu, mabomba karibu 4,000. Mtunzi J. S. Bach aliomba kazi kwenye kanisa hilo mwaka 1720. Mwaka 1917, wakati wa Vita ya Kwanza, yale mabomba ya mbele ya bati yalichukuliwa na serikali kwenda kuyeyushwa. Vita ya Pili ikaja. Safari hii watu walishajifunza, wakafungua mabomba na masanduku ya upepo wakayaficha. Mwaka 1944 mabomu yakalichoma kanisa, na kabati la ogani, kazi ya mbao ya miaka 250, likateketea. Mabomba yakabaki.

Baada ya vita ogani ikajengwa upya na ikamalizika 1961. Lakini ilijengwa kwa fikra za miaka ile, na ikabidi kazi irudiwe. Fundi Jürgen Ahrend na watu wake waliimaliza 1993. Walirudi kwenye kila bomba la asili wakalisoma: unene wa bati, urefu wa mdomo, alama alizokwaruza fundi wa kale kwa sindano kuonyesha ni noti gani. Mabomba ya mbele yaliyoyeyushwa wakayatengeneza upya kwa bati. Mfumo wa upepo wakaurudisha. Leo ogani ile inalia karibu tone nzima juu ya A ya 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) tuliyoizoea, kwa sababu ndivyo Schnitger alivyoiweka. Hawakuishusha ili imfurahishe mtu yeyote.

Wangewezaje kufanya hivyo kama wale wa mwanzo wangeyatupa mabomba na kununua mapya? Hakuna njia. Mabomba yalikuwepo, basi kila kitu kingine kiliweza kujengwa kuyazunguka.

Sehemu nyingine hali haikuwa hivyo. Miaka ya 1950 mpaka 1970 mafundi wengi Ulaya waliamini vifaa vya kisasa: mbao za mabaki zilizobanwa, plaiwudi, alumini, pete za sponji za kuzibia upepo chini ya mabomba. Nimefungua masanduku ya kipindi hicho mara nyingi. Ile sponji imegeuka unga mweusi unaonata vidoleni kama lami, umeingia kwenye matundu, umeingia kwenye miguu ya mabomba, na kuusafisha ni kazi ya wiki nzima. Chini yake unakuta ubao wa mwaloni wa karne ya 18 uliotobolewa upya kwa keekee ili kupisha hiyo sponji. Ngozi ya kondoo iliyokuwepo mwanzo ingedumu miaka 60, 80, na ingebanduka kwa maji ya uvuguvugu bila kudhuru mbao.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya kazi yetu: chochote unachokiweka, atakayekuja baada yako aweze kukitoa. Ndiyo maana bado tunachemsha gundi ya ngozi ya wanyama kwenye sufuria. Ukiipa joto na unyevu inaachia. Gundi nyeupe ya dukani inashika haraka, lakini mbao ikija kufunguliwa inapasuka pembeni ya kiungio, na gundi mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani.

Nitaendelea. Karibuni.

Mzawa wa Kigamboni

Shusha nondo mkuu, nimeweka kambi. Swali: ile ya Notre-Dame si ilikuwa ndani ya moto? Inakuwaje ikapona?

FundiMivukuto

Mkuu, ogani kubwa ya Notre-Dame iko upande wa magharibi, juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha la waridi na katikati ya minara miwili. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 ulikula paa na mnara wa katikati, haukufika kule. Maji ya zimamoto nayo hayakuigusa sana. Ilichopata ni vumbi. Paa lile lilikuwa la risasi, likayeyuka, na vumbi lake la njano likatua juu ya kila kitu. Mabomba karibu 8,000, rejista 115, safu tano za funguo, yote yakawa na sumu.

Vumbi la risasi huwezi kulipuliza kwa kompresa, utalisambaza hewani na kuwatia watu ugonjwa. Kwa hiyo waliifungua yote. Walianza Agosti 2020, na Desemba mwaka huo ilikuwa imeshashuka. Mafundi walivaa mavazi ya kujikinga na barakoa muda wote. Mabomba yaligawanywa kwenye karakana kadhaa za Ufaransa, yakasafishwa moja moja, ngozi zikabadilishwa, mitambo ya umeme ikafanywa mipya, kisha ikarudishwa juu. Halafu ikaja kazi ya kuoanisha sauti, miezi kadhaa, usiku, kwa sababu mchana kulikuwa na nyundo na misumeno ya mafundi wengine na hausikii kitu.

Ogani ile kimsingi ni kazi ya Aristide Cavaillé-Coll ya 1868, lakini ndani yake kuna mabomba ya karne ya 18 ambayo Cavaillé-Coll mwenyewe aliyakuta akayaacha. Fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake, angeweza kuyayeyusha akatengeneza yake. Aliyasikiliza akaona yanafaa. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa ogani zote alizojenga mpya.

DadaWaAlto

Asante kwa uzi kaka. Umesema hewa mbaya ya kanisa inaua ogani. Fafanua hapo. Na ukungu mnaondoaje?

FundiMivukuto

Dada, hapo ndipo pesa nyingi za makanisa ya Ulaya zinapopotelea.

Mbao inavuta na kuachia unyevu kila siku. Ogani inapenda unyevu wa hewani kati ya asilimia 45 na 70 hivi, na inapenda usibadilike ghafla. Sasa kanisa la kale la mawe limekaa wiki nzima baridi, Jumapili asubuhi mtu anawasha hita kwa nguvu zote ili waumini wasitetemeke. Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji inakauka. Mbao za sanduku la upepo zinasinyaa, zinapasuka, na upepo unaanza kuvuja kutoka mfereji wa noti moja kwenda wa jirani yake. Ukibonyeza C unasikia na C kali inanong'ona nyuma. Tunawaambia wapandishe joto taratibu, nyuzi moja mpaka moja na nusu kwa saa, na wasipite 15 au 16. Wanaotusikia, ogani zao zinakaa muda mrefu bila kutuhitaji.

Ukungu unatoka upande wa pili: kanisa limezibwa madirisha, halipitishi hewa, ukuta wa nje nyuma ya ogani ni baridi, unyevu unatua kwenye mbao zenye vumbi. Vumbi ndilo chakula cha ukungu. Unakuta manyoya meupe ndani ya mabomba ya mbao na juu ya ngozi. Dawa ya kupulizia peke yake haisaidii. Unafyonza vumbi kwa mashine yenye kichujio kizuri, unafuta kwa spiriti, kisha unarudi kwenye chanzo: hewa izunguke nyuma ya kabati, dirisha lifunguliwe kwa wakati wake. Nimeona parokia ikilipia usafishaji ule ule mara mbili ndani ya muda mfupi kwa sababu hakuna aliyetaka kuligusa lile dirisha.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao ulituchanganya sote mpaka wataalamu wa kemia walipoingia. Kanisa la Mt. Yakobo la Lübeck, Ujerumani, lina ogani ya fundi Stellwagen ya 1637, yenye mabomba mengine ya zamani zaidi ya hapo. Mabomba ya risasi yalianza kutoboka kwenye miguu, ndani yake kuna unga mweupe. Watafiti wa Göteborg, Sweden, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walikuta kwamba mbao za mwaloni zinatoa mvuke wa asidi ileile iliyo kwenye siki, na mvuke huo ndio unaokula risasi. Mbao mpya zinatoa mvuke mwingi zaidi. Maana yake fundi anayeweka sanduku jipya la mwaloni chini ya mabomba ya risasi ya karne ya 17, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwa anayawekea sumu.

Mwalimu Nota

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi nafundisha kwaya na nimewahi kuisikia ogani ya mabomba pale All Saints Cathedral. Kuna jambo limenisumbua miaka mingi, si pale tu bali hata kwenye rekodi: tukipiga ogani pamoja na matarumbeta, asubuhi tuko sawa, mchana tumeachana. Wengine huniambia ni mwinuko wa Nairobi.

FundiMivukuto

Mwalimu, mwinuko hauna kosa. Sauti ndani ya bomba inategemea kasi ya sauti hewani, na kasi hiyo inafuata joto. Kanisa likipata moto, mabomba ya mdomo yanapanda. Makadirio yetu ya kazini ni kwamba kila nyuzi moja inapandisha kiasi cha asilimia tatu ya nusu tone. Ogani iliyowekwa A ya 440 kwenye nyuzi 15 ya Ulaya, ukiipeleka mahali penye nyuzi 30, A yake inakuwa karibu 451. Hiyo ni karibu robo tone, hata asiyesomea muziki anaisikia.

Mabomba ya ulimi hayapandi hivyo, kwa sababu kile kibati cha shaba ndicho kinachotawala sauti. Kwa hiyo mchana wa joto mabomba ya mdomo yamepanda yote kwa pamoja, yenyewe kwa yenyewe yanapatana, ya ulimi yamebaki chini, na msikilizaji anadhani ya ulimi ndiyo yameharibika. Fundi asiyejua anachukua kisu na kuanza kuyagusa ya mdomo mia kadhaa. Fundi anayejua anasogeza waya kwenye mabomba machache ya ulimi na kwenda kunywa chai.

Nieleze inavyofanyika, maana watu wengi hawajawahi kuona. Tunakuwa wawili. Mmoja kwenye funguo, mmoja ndani ya ogani amechutama kati ya mabomba kwenye kibao cha upana wa kiatu. Wa kwenye funguo anashika noti moja kwenye rejista iliyo sahihi na ile ileile kwenye rejista ya ulimi. Kama hazipatani unasikia wimbi, wau-wau-wau. Mimi ninacho chuma kirefu chembamba, nagonga ule waya unaokandamiza ulimi. Kuugonga chini kunafupisha sehemu inayotetema na sauti inapanda. Kuupandisha kunairefusha na sauti inashuka. Wimbi linapungua kasi, linakuwa refu, refu zaidi, mpaka linalala na sauti mbili zinakuwa moja. Hapo unasema "inayofuata". Bomba la chuma hulishiki kwa mkono ukiwa unasikiliza, joto la kiganja peke yake linatosha kukudanganya. Ukiligusa unasubiri lipoe.

Mabomba madogo ya mdomo ya zamani hayana kirekebishi. Yanarekebishwa kwa kugonga koni ya shaba juu ya kinywa chake, kukipanua au kukibana. Kila pigo linashuka mpaka mguuni. Mtu akigonga kwa nguvu kila mwaka, baada ya miaka 50 kinywa cha juu kimechanika na ncha ya mguu imebonyea. Ndiyo maana mimi napendelea ogani isiguswe sana. Kuziweka sawa za ulimi kabla ya Pasaka na Krismasi, sawa. Ogani nzima iachwe mpaka ihitaji kweli.

Mzawa wa Kigamboni

Na mguu ukibonyea inakuwaje? Unatupa bomba?

FundiMivukuto

Hatutupi.

Bomba kubwa la risasi likisimama miaka mia mbili, uzito wake wenyewe unaliponda pale juu ya ncha. Tundu la upepo linabanwa, bomba linakosa pumzi, sauti inakwama. Unalitoa, unalilaza kwenye mto wa nguo, unaingiza mtalimbo wa chuma wenye umbo la koni mguuni, kisha unasugua taratibu kwa kipande cha mbao laini mpaka chuma kirudi mviringo. Unasugua, hupigi nyundo. Nyundo inatanua risasi na hairudi tena.

Kama ncha imekwisha kabisa, unakata sehemu iliyooza na kulehemu kipande kipya cha mchanganyiko ule ule wa bati na risasi. Kabla ya kulehemu unapaka pande zote mchanganyiko wa chokaa na gundi nyepesi, unauacha ukauke. Kisha kwa kisu kikali unakwangua mstari mwembamba pale tu unapotaka lehemu ishike. Unasugua mstari huo na stearini, ile ya mishumaa. Risasi ya bomba inayeyuka kwenye joto lisilo mbali na joto la lehemu yenyewe, hivyo ukichelewa sekunde moja umetoboa shimo. Mkono unapita mara moja, bila kusimama. Ukimaliza unaosha chokaa kwa maji na unaona mshono mmoja unaong'aa, mwembamba kama ulivyokwanguliwa. Kazi hii nikiifanya sitaki mtu azungumze karibu yangu.

Mzee wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe. Nimesoma uzi wote kwa makini. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri, Tanga. Usharika rafiki wa Ujerumani wametuandikia: kanisa lao linafungwa, wana ogani ya mabomba, rejista 9, wanataka kutupa bure, sisi tulipie usafiri. Baraza la wazee limegawanyika. Vijana wanasema tununue kinanda cha umeme kizuri tuachane na hayo. Wewe kama fundi unashauri nini?

FundiMivukuto

Amina. Shikamoo mzee wangu.

Makanisa mengi kule yanafungwa, na ogani zinatafuta pa kwenda. Nyingine ni nzuri kweli. Lakini "bure" ni neno la kulichunguza. Nijibu kwa kutumia mahali ambapo ogani imeishi kwenye hali ya hewa kama ya Tanga, kwa sababu mifano ya Hamburg haitawasaidia.

Las Piñas, Ufilipino. Padre Mhispania, Diego Cera, alianza kujenga ogani mwaka 1816 akaimaliza 1824. Mabomba mengi aliyatengeneza kwa mianzi. Ina mabomba 1,031, na kati ya hayo 902 ni ya mianzi. Yaliyobaki ni ya chuma. Mianzi aliifukia mchangani ufukweni kwa miezi mingi, na ile ambayo wadudu waliishindwa ndiyo akaitumia. Matetemeko yakaitikisa, tufani zikaezua paa, na kuna miongo ilikaa bila kulia ipasavyo. Mwaka 1973 ilifungwa kwenye masanduku ikapelekwa Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa Klais. Walitengeneza chumba maalumu chenye joto na unyevu wa Ufilipino, wakafanyia kazi humo, ili mianzi na mbao zisikauke kwa hewa ya Ujerumani halafu zivimbe zikirudi nyumbani. Ilirudi 1975. Tangu 1976 kuna tamasha la kimataifa la ogani kanisani hapo.

Mzee, mnajua kwa nini bado inalia nusu karne baadaye? Kwa sababu vijana wa Las Piñas walikwenda Ulaya kujifunza ufundi, wakarudi, na leo ipo karakana ya ogani mjini hapo hapo. Wanaitunza wao. Kinachoua ogani za msaada katika nchi za joto ni kwamba fundi anakuja na kontena, anaifunga, anapiga picha, anaondoka. Mwaka wa tatu noti moja inakwama inalia bila kukoma, hakuna ajuaye pa kugusa, mtu anazima mota, na haiwashwi tena.

Kwa hiyo waulizeni wale marafiki, kwa barua, mambo haya. Ufunguo unafungua kilango kwa njia gani? Kama ni kwa vijiti na waya tupu, endeleeni na mazungumzo. Seremala mzuri wa Tanga akionyeshwa mara mbili anaielewa. Kama ni kwa umeme wa sumaku na nyaya za mwaka 1965, au kwa mirija na vifuko vidogo vya ngozi mia kadhaa, mkatae kwa upole, hata iwe nzuri namna gani. Ile ngozi ikioza kwa unyevu mtabadilisha vifuko mia kadhaa, na kimoja kimoja kinahitaji mkono uliozoea.

Masanduku ni ya mbao gani, na yamefungwa kwa nini? Plaiwudi na mbao za mabaki zilizobanwa hazitafika mbali kwenye unyevu wenu ambao asubuhi nyingi unapita asilimia 80. Zitavimba. Mafundi wa Uingereza waliopeleka ogani India walitumia mbao ngumu kama msaji na mahogani, na viungio wakavikaza kwa skrubu juu ya gundi, kwa sababu gundi ya wanyama inalegea kwenye unyevu mwingi. Hapa kidogo napingana na nilichosema juu kuhusu gundi ile: Ulaya ni nzuri, Tanga peke yake haitoshi.

Wadudu. Mbao laini za Ulaya, misonobari na jamaa zake, kwa mchwa wa pwani ni karamu. Ogani isiguse ukuta wala isikae juu ya sakafu ya mbao. Isimame juu ya zege, na unaweza kutembea nyuma yake na tochi. Nyigu wa udongo watajenga ndani ya midomo ya mabomba, mjusi kafiri ataingia kwenye sanduku kupitia tundu la upepo. Wavu mwembamba kwenye mlango wa mota na mtu wa kukagua kila wiki, hiyo ndiyo dawa.

Na sauti. Ogani iliyopangwa kwa nyuzi 15 ikija kwenye 30 itapanda kama nilivyomweleza mwalimu. Fundi wao ajue hilo mapema ayarefushe mabomba huko huko au aje na vifaa vya kufanyia hapa. Tarumbeta zenu nazo zitapanda kidogo na joto, lakini hazitafika huko, msipofanya hivyo hazitapatana kamwe na ogani.

Kuhusu kinanda cha umeme sina ugomvi nacho, kinafanya kazi makanisa maelfu. Lakini vijana wajue kinachonunuliwa: kifaa ambacho vipuri vyake vitaacha kutengenezwa baada ya miaka kumi na tano, ishirini, na radi moja inaweza kukimaliza. Ogani ya vijiti ya rejista 9 ina mota moja tu inayohitaji umeme, na umeme ukikatika mvukuto unaweza kuwekewa mti wa kukanyagia kama zamani.

Mzee wa Usharika

Marahaba mwanangu. Hili la karakana ya Las Piñas limenigusa. Sasa gharama ya kumsomesha kijana tutaitoa wapi pamoja na usafiri?

FundiMivukuto

Mzee, igeuzeni. Waandikieni kwamba mnaipokea ogani kwa sharti moja: seremala wenu mmoja, kijana mwenye mikono, aende kule kabla haijafunguliwa. Ashiriki kuifungua, akae karakanani ikisafishwa, aandike namba kwenye kila bomba kwa mkono wake, arudi nayo na aifunge Tanga pamoja na fundi wao. Aliyeifungua kwa mkono wake hataogopa kuifungua tena noti ikikwama. Sharika rafiki huwa zina mifuko ya kubadilishana vijana, na kuwaomba nauli ya mtu mmoja ni rahisi kuliko kuomba fundi kila mwaka. Wakikataa sharti hilo, mimi ningeiacha.

Pia waombeni picha za ndani, si za mbele. Mbele kila ogani inapendeza. Picha ya ndani ya sanduku la upepo, picha ya miguu ya mabomba makubwa, picha ya mvukuto kwenye mikunjo ya ngozi, na picha ya kibandiko cha fundi aliyeijenga chenye mwaka. Zikifika ziwekeni hapa, nitaziangalia moja moja.

DadaWaAlto

Kaka, je msichana anaweza kwenda? Kwetu tunaye mmoja amemaliza VETA useremala, mikono yake mizuri kuliko ya wavulana wote darasani kwao.

FundiMivukuto

Anaweza, tena darasa langu la Ludwigsburg lilikuwa na wasichana na mmoja wao ndiye aliyekuwa na sikio bora kuliko sote. Aanze kujifunza Kijerumani sasa, asingoje barua.

Mzee wa Usharika

Baraza linakaa Jumamosi. Barua naiandika leo usiku na sharti hilo nimeliweka namba moja. Huyo binti wa useremala, dada, naomba tuwasiliane, usharika wetu hauna fundi kijana na kama wenu uko Tanga hii hii tunaweza kuungana. Picha zikija naleta mrejesho hapa.